Kabla hujampelekea fundi: kutunza na kutengeneza vyombo vya DJ nyumbani

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda daladala nikiwa nimepakata miksa yangu, nimeifunga khanga kama mtoto mchanga. Upande wa kushoto ulikuwa hautoi sauti. Fundi aliifungua mbele yangu, akachungulia, akatikisa kichwa, akasema bodi imekufa. Bei akaitaja bila kupepesa macho. Sikuwa na hela hiyo, na hiyo ndiyo ikawa bahati yangu. Nilirudi nayo nyumbani, na usiku ule nikiwa nabadilisha waya kwa hasira tu, upande wa kushoto ukaita. Waya wa RCA, ule wa kichwa kidogo chenye pini moja katikati, wa bei ya chipsi mayai, ulikuwa umekatika ndani ya kichwa chake.

Siandiki haya kuwasema mafundi. Wapo ninaowaamini, na nitafika kwao. Ila tangu siku ile nina utaratibu ambao sijauvunja: naanzia nje naingia ndani. Waya kwanza, umeme wa pili, uchafu wa tatu, bisibisi mwisho. Sisi tunaopiga harusi, sendofu na vigodoro, vyombo vyetu vinalala kwenye buti ya gari na kuamkia kwenye vumbi la uwanja. Matatu ya mwanzo ndiyo yanayotusumbua kila wiki, na yote unaweza kuyamaliza ukiwa umekaa kwenye jamvi sebuleni.

Vitu vya kuwa navyo

Nunua maltimita, kile kipima umeme chenye ncha mbili, kabla ya kitu kingine chochote. Ile ya bei ya chini inatosha, mradi iwe na sehemu inayolia "piii" ncha zake mbili zikigusana kupitia waya mzima. Halafu tafuta pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, na ukiweza ile yenye kitufe cha kurekebisha joto. Risasi ya kulehemu iwe nyembamba, milimita 0.8 hivi, yenye dawa yake ndani. Bisibisi za nyota kubwa na ndogo, funguo za pembe sita, koleo dogo, kisu kikali, brashi laini ya rangi ya inchi moja, vijiti vya pamba vya masikio, tochi.

Dawa ya kusafishia ina mkanganyiko kidogo. Unayotaka ni spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kwa sababu inakauka yote na haiachi kitu. Spiriti ya buluu ya kuwashia jiko ina rangi, itabaki kwenye bodi. Ya vidonda inaweza kuwa na maji mengi au mafuta. Na yale mafuta ya kupulizia ya kulegeza nati zilizoshika kutu usiyalete karibu na miksa kabisa. Yanateleza vizuri siku ya kwanza, kisha yanakamata vumbi na kugeuka uji. Kwa feda, vile vidude vya miksa vya kuteleza, kuna dawa maalumu ya kupulizia ya kusafisha kontakti, yenye kilainishi kidogo. Dar utaipata Kariakoo kwenye maduka ya spea za elektroniki, Nairobi ukizunguka Luthuli Avenue huikosi. Soma kopo: kama haikuandikwa kuwa salama kwa plastiki, irudishe.

Kutafuta kosa kabla ya kufungua chochote

Tuseme spika ya kushoto haisikiki. Usianze kuvuta vuta kila kitu, maana utajikuta imeita na hujui ni nini kilichoiponya, na Jumamosi itakata tena. Fanya hivi.

Shusha sauti hadi chini kabisa. Hili si la kuremba. Ukichomoa waya sauti ikiwa juu, ule mlio wa "pwaa" unatosha kuunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Kisha nenda nyuma ya miksa, sehemu sauti inapotokea, ubadilishe waya wa kushoto na wa kulia. Pandisha sauti taratibu.

Kama sasa ya kushoto inaimba na ya kulia imekufa, kosa limehamia upande wa pili: liko ndani ya miksa au kabla yake, yaani kwenye kontrola (ile meza ya vitufe inayoendesha muziki wa kompyuta), kompyuta au waya unaoingia. Kama ya kushoto bado imekufa vilevile, miksa yako ni nzima. Kosa liko mbele: waya wa kwenda kwenye spika, amplifaya, au spika yenyewe. Rudisha waya ulivyokuwa, sogea hatua moja, fanya mchezo uleule kwenye amplifaya. Mara mbili au tatu hivi unakuwa umelibana kosa kwenye kipande kimoja.

Yule fundi wangu wa mwanzo angefanya hivi kwa dakika tano asingeiona bodi yoyote iliyokufa.

Waya

Waya hukatika mwishoni, pale unapoingia kwenye kichwa, kwa sababu hapo ndipo unapopindwa. Weka maltimita kwenye sehemu ya mlio, gusa pini ya upande huu na pini ileile ya upande wa pili, huku mtu mwingine akiutikisa waya karibu na kichwa. Ukilia ukakata, ukalia ukakata, umempata mwizi. Jaribu pia pini moja na jirani yake: hapo usisikie mlio wowote, vinginevyo nyaya zimegusana ndani.

Vichwa vya XLR, vile vya pini tatu kama vya maiki, vina namba zimeandikwa pembeni ya pini, ndogo mno, ndiyo kazi ya tochi. Namba 1 ni ngao, ule wavu unaozunguka waya. Namba 2 ni moto, namba 3 ni baridi. Namba 1 iende 1, 2 iende 2, 3 iende 3, pande zote. Ukigeuza 2 na 3 kwenye waya mmoja, spika mbili zitakuwa zinapingana, moja inasukuma hewa na nyingine inavuta, na besi itapotea katikati ya ukumbi. Watu watasema "mziki mwembamba" na wewe utaongeza besi bure. Kwa RCA, pini ya katikati ni sauti na duara la nje ni ngao. Kwa jeki ya hedifoni ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ngao.

Kulehemu upya kunakwenda hivi. Kata sentimita tano kutoka kwenye kichwa, maana sehemu ile yote imechoka. Ingiza kifuniko cha kichwa kwenye waya *kwanza*. Nimelehemu vichwa vingi vizuri kabisa, nikavipenda, kisha nikaona kifuniko kimebaki mezani. Menya waya, sokota nyuzi, zipashe moto kwa pasi na uziguse na risasi mpaka zinywe na kung'aa. Fanya vivyo hivyo kwenye kikombe cha pini. Sasa kutanisha hivyo viwili, weka pasi ya nyuzi 350 hivi kwa sekunde mbili tatu, ondoa pasi, na mkono usitikisike mpaka risasi igande. Usiipulize kwa mdomo. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala. Kilichokunja uso na kufanya kidonge cha kijivu hakijashika, kirudie. Kisha hakikisha kibano cha ndani ya kichwa kinaushika waya kwenye ganda lake la nje, ili siku mtu akiukwaa, mvuto uishie kwenye ganda na si kwenye risasi. Fungua dirisha ukiwa unalehemu, na nawa mikono kabla ya kushika chakula, kwa sababu risasi nyingi sokoni bado zina madini ya risasi yenyewe.

Nyaya za hedifoni zina mtego wake. Ndani ni nyembamba, za rangi nyekundu, kijani na shaba, na ile rangi ni varnishi inayozuia umeme. Ukilehemu juu yake haishiki, na ikishika haipitishi. Weka tone la risasi kwenye pasi, ushikilie ncha ya waya ndani yake mpaka varnishi iungue na waya ubadilike uwe wa fedha. Ndipo uunge.

Vichwa vya RCA vilivyofinyangwa kwa mpira havifunguki. Kata, tupa, weka vya chuma. Vile vya spikoni, vya waya wa kwenda kwenye spika, havihitaji pasi, vina skrubu. Huwa vinalegea kwa mtikisiko wa gari, vikaze kila baada ya miezi michache.

Na acha kukunja waya kwenye kiwiko. Najua kaka zetu wote walitufundisha hivyo. Kila mzunguko wa kiwiko unausokota waya, na ngao ya ndani inaanza kufumuka. Ukunje mkononi, duara moja kwa kawaida, la pili uligeuze kiganja liingie kwa ndani. Ukiurusha chini unanyooka wenyewe bila fundo.

Umeme

Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230 kwa karatasi. Ukumbini ni hadithi nyingine. Ukifika, kabla hujachomeka chochote, weka maltimita kwenye volti za AC na upime soketi. Kati ya 207 na 253 uko ndani ya asilimia kumi, piga kazi. Chini ya hapo amplifaya zitahema na sauti itapasuka mapema. Juu ya hapo usichomeke, tafuta stabilaiza au mwambie mwenye ukumbi. Kwa jenereta pima likiwa limeshatulia, kisha pima tena jokofu la vinywaji na taa zikiwaka, kwa sababu hapo ndipo linapoanza kuyumba.

Kuna mpangilio wa kuwasha: kompyuta na kontrola, kisha miksa, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake, amplifaya ya kwanza. Ukiwasha miksa wakati amplifaya iko hewani, ule mshindo unakwenda moja kwa moja kwenye spika. Umeme ukikatika katikati ya shughuli, zima swichi za amplifaya zote kabla haujarudi. Hata kama watu wanapiga kelele.

Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ifungue yote, usiache nusu imejikunja. Amplifaya zinazokula wati 2,000 zinavuta karibu ampea 9, na waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto. Nimewahi kufungua moja nikakuta plastiki imeshikana kama maandazi yaliyoungana.

Chombo kikifa kabisa, bila hata taa, angalia fyuzi. Za kwanza ziko ndani ya plagi ya pini tatu, za ampea 3, 5 au 13. Nyingine iko nyuma ya chombo, kwenye kidroo kidogo chini ya mahali waya wa umeme unapoingia: kioo cha milimita 20. Pima kwa mlio, usiamini macho. Weka yenye namba ileile na herufi ileile. T ni ya kuchelewa, inavumilia mshtuko wa kuwasha; F ni ya haraka. Ikikatika mpya papo hapo, chombo kinakwambia kuna kitu kimegusana ndani, na hapo unasimama. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara tuliyozoea kuviringishia fyuzi imechoma amplifaya nyingi kuliko radi.

Mvumo wa "mmmm" usiokoma, usiobadilika na sauti ya muziki, mara nyingi ni vyombo viwili vinavyopata ardhi (earth) kutoka sehemu mbili tofauti. Chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukiondoka, umeshaujua mlango wake. Chomeka kompyuta, miksa na amplifaya kwenye soketi moja ya ukutani kupitia ekstensheni nzito. Mara nyingi unakwisha. Ukigoma, nunua kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha sauti ukiweke kati ya miksa na amplifaya. Usikate pini ya ardhi. Mvumo utaondoka kweli, na maiki itakuja kumpiga MC umeme siku sakafu ikiwa imelowa.

Feda na vitufe

Feda ni vile vidude vya kuteleza juu na chini, na kroosfeda ni ile ya kwenda kushoto na kulia. (Ukisema "fada" mbele ya shangazi atadhani umeanza kwenda misa.) Zikianza kukwaruza au sauti ikipotea katikati, mara tisa kati ya kumi kwenye vyombo vyangu imekuwa vumbi na jasho la vidole.

Chomoa umeme. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Vuta vishikio vyote vya kuzungusha na kuteleza, juu moja kwa moja, ukipindisha vinavunja shina. Fungua skrubu za uso na uzipange kwenye karatasi kwa mchoro wa mahali zilipotoka, kwa sababu zingine ni ndefu na ukiiweka ndefu mahali pa fupi itatoboa bodi. Kila hatua, picha.

Kroosfeda kwenye miksa nyingi inashikwa na skrubu mbili na kiunganishi cha waya mdogo. Inatoka yote bila pasi. Piga mswaki vumbi kwanza, kikiwa kikavu, vinginevyo dawa itafanya tope. Pulizia kidogo ndani ya mfereji, tembeza feda mwisho hadi mwisho mara thelathini, ielekeze chini uchafu udondoke, futa, pulizia tena, acha ikauke nusu saa. Ikiwa bado inakwaruza, utepe wa kaboni ndani umelika. Hakuna dawa ya hilo. Nunua mpya ya namba iliyoandikwa ubavuni mwake.

Vitufe vya kucheza na vya kiuu (cue, vya kurudisha wimbo mahali pa kuanzia) vinakufa kwa kipigo. Chini ya kitufe cha plastiki kuna kiswichi kidogo cha miguu minne kinachosema "tik". Tone la isopropili pembeni yake na kubonyeza mara hamsini huwa kunakirudisha kwa muda. Kikianza kuhitaji kubonyezwa kwa gumba lote, kitoe: pasha miguu moto, fyonza risasi ya zamani, weka kingine cha urefu uleule. Urefu ni muhimu. Kifupi kwa milimita moja na kitufe hakitakigusa.

Zile pedi za mpira, ukizifungua, utaona doa jeusi chini yake. Hilo ndilo linalopitisha umeme. Lifute kwa pamba iliyolowa kidogo, bila kusugua kama unasafisha sufuria.

Kontrola inayokatikakatika kwenye kompyuta ni jambo jingine kabisa, na hapa nimeona watu wakifungua mashine nzima bure. Badilisha waya wa USB. Badilisha tundu la kompyuta, uache kupita kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Kisha ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uzime ile ya kulaza USB ili kuokoa betri. Baada ya hayo matatu tu ndipo ulishuku tundu la kontrola lenyewe. Likicheza ukilisogeza kwa kidole, fungua uangalie miguu yake kwenye bodi kwa tochi: utaona pete nyembamba nyeusi kuzunguka risasi iliyopasuka. Iyeyushe tena kwa risasi mpya kidogo. Na sasisho la programu lifanye Jumanne nyumbani, usilifanye Jumamosi jioni ukumbini.

Kikimwagikiwa

Mtu amecheza, ameinua mikono, na soda iko ndani ya kontrola. Chomoa USB na umeme sekunde ileile, muziki ukatike. Geuza kifudifudi. Usijaribu kuwasha "kuona kama inafanya kazi", ndipo inapoungua.

Maji matupu yanasameheka. Soda na bia zina sukari, na sukari ikikauka inakuwa gundi inayovuta unyevu na sisimizi. Fungua siku hiyohiyo. Bodi iliyoshika sukari ioshe kwa mswaki laini na maji ya betri yale ya kuongezea, yasiyo na chumvi, yanayouzwa vituo vya mafuta. Angalia sana usichukue chupa ya tindikali. Kisha isuuze kwa isopropili, ambayo inaondoka na maji. Iache mbele ya feni saa 48. Juani hapana, na mashine ya kukaushia nywele hapana, plastiki inapinda.

Spika

Hapa ndipo pesa zilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Spika ikikaa kimya au ikitoa sauti ya kitu kilichochanika, itoe kwenye boksi na uikate kabisa na amplifaya na kroosova (kile kisakiti kinachogawa besi na sauti nyembamba). Weka maltimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Spika ya omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Ya omu 4 itasoma 3 na ushei. Ndivyo ilivyo, usidhani imepungua. Isiposoma kitu, njia imekatika. Lakini usitangaze msiba bado: angalia zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye karatasi ya spika kwenda kwenye vichwa vyake pembeni. Zinacheza maelfu ya mara kwa wimbo mmoja, na hukatika mara kwa mara. Unaweza kulehemu waya mpya, ila uwe wa kusuka uleule. Ukiweka waya wa kawaida utakatika wiki hiyohiyo, na kabla haujakatika utakuwa unapiga karatasi "tatatata".

Kama nyaya hizo ni nzima, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, imeungua. Harufu utaijua.

Ikisoma vizuri lakini sauti ni mbovu, weka vidole vinane kuzunguka katikati ya karatasi, isukume taratibu na sawasawa. Isikwaruze. Ikikwaruza, koili imepinda au kuna mchanga kwenye nafasi ya sumaku. Jaribio jingine, kwa bufa (spika kubwa ya besi) tu: gusa betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya, mara moja na kuachia. Karatasi itaruka mbele. Ikirudi nyuma, kuna mtu aliwahi kuigeuza. Twita usiiguse kwa betri.

Mpasuko mdogo kwenye karatasi au kwenye kingo za kitambaa unazibika: kipande cha karatasi laini na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mbele na nyuma, ikae usiku kucha. Kingo za sponji zilizooza zikawa kama makombo ya keki hazizibiki, hubadilishwa zote.

Twita za honi zinaungua zaidi ya kitu chochote, na sababu mara nyingi ni sisi. Taa nyekundu ya miksa ikiwaka bila kuzima, wimbi la sauti linakatwa kichwa na makali yake yanakwenda kumalizikia kwenye twita. Amplifaya ndogo iliyolazimishwa inaua twita haraka kuliko kubwa iliyotulia. Rudisha geini (nguvu ya sauti inayoingia kwenye miksa) mpaka nyekundu iwe ya kugusa tu.

Kubadilisha diaframu yake, ule utando mwembamba wa twita unaotoa sauti, ni kazi ya nusu saa. Fungua skrubu za nyuma, inua sumaku, toa ya zamani ukiangalia imekaaje. Kata utepe wa karatasi wa mafundi rangi, ukunje gundi iwe nje, upitishe kwenye mfereji mwembamba wa sumaku kuzunguka mpaka utoke msafi. Chembe moja ya chuma itakwaruza milele. Weka mpya, mashimo yaingie kwenye vipini vyake, kaza skrubu kwa msalaba kidogo kidogo kama unavyokaza tairi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Koili za milimita 34 na 44 zinafanana kwa macho ya muuzaji mwenye haraka.

Ukiunga spika nyingi kwenye chaneli moja, kumbuka mbili za omu 8 sambamba ni omu 4, na nne ni omu 2. Soma nyuma ya amplifaya inaruhusu ngapi.

Wenye sahani za santuri

Mko wachache na mnajijua. Technics SL-1200, mashine ya kuchezea santuri, ilitoka 1972, ile MK2 tunayoiona zaidi ni ya 1979, ziliacha kutengenezwa 2010 na kurudi 2016, na nyingi zinazozunguka ni za mkono wa tatu. Sindano isafishe kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele, usiende kinyume wala pembeni. Ukiinua sahani ya mashine inayozunguka, mota iwe imezimwa. Matone mawili ya mafuta mepesi kwenye shina lake, basi. Zile nyaya ndani ya mkono wa sindano ni nyembamba kama unywele. Hapo mimi huwa nampelekea mtu.

Chumvi, vumbi na wageni wasioalikwa

Tanga, Zanzibar, Mombasa, Dar: hewa ina chumvi, na chumvi inakula vichwa vya waya. Kila mwezi vifute kwa pamba na isopropili. Kwenye kila boksi tupia vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Usifunge boksi vyombo vikiwa bado vina joto la kazi. Jasho lao litabaki humo.

Feni za amplifaya zipulizwe kila baada ya shughuli tano sita, ukiwa umezishika mapanga kwa kidole, kwa sababu zikizungushwa kwa upepo mkali zinaumiza beringi zake. Mende wanapenda amplifaya kwa kuwa ni ya moto na giza. Nimetoa familia nzima, na mayai. Funika matundu ya nyuma kwa wavu mwembamba unaopitisha hewa, na usiweke chombo stoo moja na unga.

Mahali pa kuacha

Sehemu ya umeme ndani ya amplifaya, na ndani ya spika zenye amplifaya yake, usiifungue. Volti 230 za ukutani zikishanyooshwa zinafika kama 325, na kapasita kubwa zinaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Hakuna taa ya kukuonya. Bodi iliyoungua, transfoma inayonuka, fyuzi inayokata kila ukiweka: mpelekee fundi redio, na umpe maelezo ya ulichokwisha kupima. Fundi mzuri anafurahi ukimwambia "nimebadilisha waya, nimegeuza kushoto na kulia, kosa limebaki kwenye chaneli ya pili". Anayekasirika, chukua chombo chako.

Na ukishatengeneza chochote, usikipeleke kazini moja kwa moja. Kiwashe nyumbani saa mbili mfululizo kwa sauti ya kati, kiguse kama kinachemka kupita kiasi, tikisa kila waya, telezesha kila feda. Mimi hufanya Jumatano jioni. Mama wa nyumba ya pili ameshazoea, na wiki nisipofanya huuliza kama mwisho wa wiki sina kazi.